Kisamvu Kilichorudi Kwenye Kopo

Chekeni tu, nimeshazoea. Mume wangu ni fundi umeme Mikumi, mimi nina duka hapa Kilosa. Kila Jumapili napika maharage na rosti ya nyama, nagandisha kwenye makopo ya aiskrimu, anaondoka nayo. Jioni akitoka kazini ni kupasha tu na kusonga ugali.

Jumamosi moja kopo likarudi na kisamvu cha nazi.

"Nani kapika?"

"Nimepewa tu pale ninapoishi," akasema huku akilamba vidole. "Kitamu kweli!"

Vidole hivyo hajawahi kuvilamba kwa maharage yangu. Alipokwenda kuoga, nikawamwagia kuku kisamvu chote. Nikamwambia kimechacha, nimewapa kuku.

Wiki iliyofuata nikafunga duka, nikapanda basi mpaka Mikumi. Nilipofika uani kwake nikajifunga kibwebwe, nikapaza sauti: "Toka nje, wewe unayempikia mume wa mtu!"

Wapangaji wote wakatoka. Mume wangu naye akatoka, tonge mkononi. Mwisho kabisa akatoka bibi mwenye nyumba, taratibu, na mkongojo wake.

"Ni mimi, mwanangu. Makopo yako yanakaa kwenye friza yangu. Ningeyaacha yote yarudi matupu, ungenionaje?"

Nikafungua kibwebwe, nikapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kile kisamvu ulikionaje?"

Nikakohoa. Mume wangu akadakia: "Mwambie ukweli, mke wangu. Mwambie kuku walikionaje."