Kiapo cha Wakatoliki, Kidato cha Tano

Mpaka leo neno kiapo likinijia ulimini napandwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe najielekezea mimi mwenyewe.

Katikati ya miaka ya themanini nilifundisha historia kidato cha tano huko Kitale. Nilikuwa nimeomba uhamisho miaka minne nikiwa Bumula, ndipo nikaletwa alikokuwa mume wangu na watoto. Sikutaka kung'olewa tena.

Somo lilikuwa Uingereza ya kale, serikali ilipowaona Wakatoliki wote kuwa vibaraka wa Papa. Njama ya kulipua bunge ilipogunduliwa, mfalme alitaka Wakatoliki waape kwamba Papa hana uwezo wa kumwondoa kitini. Kiingereza cha kitabu kiliwashinda wanafunzi, nikawafafanulia kwa Kiswahili: "Wakatoliki walitakiwa kula kiapo." Laiti ningesema kula yamini! Hakuna ambaye angeelewa, na nisingeitwa na mtu.

Kwa Waingereza wale, aliyekula kiapo ndiye mtiifu. Kwetu mwaka ule, kula kiapo kulimaanisha kujiunga kwa siri na kundi la kuipindua serikali, na watu walichukuliwa kwa tetesi tu. Msichana mmoja wa darasa lile akaenda kwao Ndalu mwisho wa wiki, akamsimulia babake, na habari ikamfikia chifu. Na mimi mwenyewe ni Mkatoliki, rozari haikunitoka shingoni.

Jumatatu nilimkuta chifu ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwarimu, ati Wakatoriki wanakula kiapo? Wapi? Na nani?"

"Uingereza, mzee. Karibu miaka mia nne iliyopita."

"Wachana na Uingereza, bana. Mimi nauliza hii lokesheni yangu."

Nilimfungulia kitabu. Hakukitazama. Mwalimu mkuu, mtu mpole aliyeogopa hata kivuli chake, akanisihi: "Mwalimu, si tumalize tu haya maneno? Apa mbele yetu kwamba hujawahi kula kiapo. Ukikataa, itabidi niandike urudishwe Bumula."

Nilitaka kucheka, nikaona nitalia. Wiki iliyotangulia tu, darasani, nilikuwa nimewaita waoga Wakatoliki walioapa ili waachwe majumbani mwao. Nikainua mkono wa kulia, nikala kiapo kwamba sijawahi kula kiapo.

Chifu aliridhika, akaagiza chai. Nilifundisha Kitale miaka mingi baada ya hapo. Kila tulipoufikia ukurasa ule niliwaambia wanafunzi waupite tu, hauji kwenye mtihani.