Makoti Sitini ya Upande Mmoja

Katika karakana ile ya kushona sare kulikuwa na sheria moja, imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa chumba cha kukatia: simu haifiki mezani. Aliyeiandika ni mkataji mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, baada ya mwenzake kukatwa kidole na mashine huku akiongea na simu. Aliyeivunja ni yeye pia.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mke na mabinti wawili, na kazi yake ilikuwa hairudishwi. Lakini kwenye mchezo wa vita wa simuni alikuwa mfalme. Mchezo ule aliuanza alipovunjika mguu akakaa nyumbani wiki sita. Mguu ukapona, ufalme ukabaki. Alikuwa na ngome, maghala ya ngano, wapanda farasi elfu nane, na muungano wa wachezaji thelathini na tano ambao hajawahi kuwaona, wote wakingoja aseme nani avamiwe. Mafundi wa cherehani walipogundua wakambandika jina la Mtukufu. Akichelewa asubuhi walimuuliza kama raia wameamka salama, naye alicheka pamoja nao. Sheria ya mlangoni aliitii kijanja: simu haikukaa mezani, ilikaa mfukoni mwa aproni.

Aliyefanya naye kazi meza moja alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mke wake. Ndiye aliyemwombea nafasi pale alipokuwa hana kazi. Yeye alitandaza kitambaa, tabaka juu ya tabaka, akakilainisha kwa viganja kisibaki na kunyanzi hata moja. Mkataji alichora juu ya tabaka la mwisho, kisha mashine ikapita zote kwa mkupuo.

Jumanne moja ilikuwa zamu ya makoti sitini ya wauguzi, kitambaa chenye upande mmoja unaong'aa. Makoti ya pale kwa kawaida hutandazwa uso kwa uso. Siku hiyo mkataji alimwambia shemeji yake alaze nyuso zote juu, ili mng'ao usikwaruzane. Lilikuwa wazo zuri. Ila kitambaa kikilala hivyo, kipande cha mbele huchorwa mara mbili, na mara ya pili karatasi ya kielelezo lazima igeuzwe, ili upande mmoja uwe wa kushoto na mwingine wa kulia. Hilo analijua hata aliyeanza kazi juzi.

Saa nne na nusu aproni ikatetemeka. Ngome ilikuwa imevamiwa. Alikuwa amemaliza kuchora kipande cha kwanza. Akatoa simu, akatuma farasi, akairudisha mfukoni, akachora cha pili bila kugeuza karatasi. Akatazama tena: adui anarudi nyuma. Akawasha mashine na kukata tabaka zote sitini, moyo ukiwa juu kwa ushindi.

Mchana fundi mmoja wa cherehani alijipimisha vipande viwili kifuani.

"Mtukufu, huyu muuguzi wako ana kushoto mbili?"

Wakacheka. Akafungua bunda jingine, kisha jingine, na kicheko kikaisha chenyewe. Vipande mia moja na ishirini vya kushoto. Cha kulia hakuna hata kimoja.

Mwenye karakana alikuja, akavigeuzageuza vipande bila kupandisha sauti. Mama huyo alianza maisha kwa kukata, hakuhitaji kuelezwa. Kama kitambaa kingetandazwa uso kwa uso, mchoro ule ungekuwa sahihi. Swali lilibaki moja tu, na alimuuliza mkataji.

"Ulimwambia atandaze vipi?"

Shemeji yake alikuwa amesimama mwisho wa meza, mikono juu ya jora. Alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja ajibu.

"Kama kawaida," mkataji akasema.

Mwenye karakana akamwuliza mwanamke kama ana la kusema. Akajibu kwamba aliyeulizwa ameshajibu. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani, akaenda zake. Hakuitwa tena.

Nyumbani mke wa mkataji alisikitika wiki nzima. Alisema pengine macho ya dada yake yameanza kuchoka, inafaa apimwe. Mume akaitikia kwa kichwa, akijua sasa kwamba shemeji hakumwambia hata mdogo wake wa tumbo moja. Dada mtu angeweza kusema, na ndoa ile ingetikisika siku hiyohiyo. Alinyamaza kwa ajili ya watoto waliokuwa wanamwita mama mkubwa, na mkataji akala chakula chake chini ya ukimya huo, macho kwenye sahani.

Wiki hiyohiyo, ndani ya ufalme wake, alikuwa amemfukuza mchezaji mmoja aliyeacha lango wazi kisha akamsingizia mwenzake. Alimwandikia maneno marefu juu ya uaminifu, na muungano mzima ukamsifu kwa haki. Aliyasoma tena akiwa chooni kazini, akashindwa kuyamaliza. Akaufuta mchezo. Ni vizuri aliufuta, lakini mchezo haukuwa umesema uongo. Mdomo ulikuwa wake.

Siku ya tisa alikuta mtu mgeni anatandaza kitambaa. Ndipo alipokwenda kwa mwenye karakana akasema yote, simu, karatasi, na lile jibu. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia nafasi imeshajazwa na mtu asiye na kosa, hawezi kumtoa. Na mkataji asiguse tena mashine, aende kwenye meza ya vifungo.

Jioni alimfuata shemeji yake nyumbani. Alimkuta uani anaanua nguo. Akaeleza aliyoyaungama, akaomba radhi, akaongeza kwamba atamweleza mkewe pia. Mwanamke aliendelea kuanua mpaka kamba ikawa tupu.

"Shemeji," akasema, "nilikungoja siku ile, pale mezani. Leo umekuja kujitua mzigo wako."

Akachukua beseni la nguo, akaingia ndani. Hakumfukuza, hakumkaribisha.

Mkataji alipoteza meza aliyoifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Shemeji yake alipoteza kazi ya miaka kumi na minne, kwa kosa ambalo hakulifanya, na hakuirudia.