Fundi Niliyemfuta Kwenye Historia ya Usharika

Wazee wa kanisa waliponipa kazi ya kuandika historia ya usharika wetu, kanisa lile kongwe kilimani juu ya mtaa wa Ipogolo, mama yangu alifurahi kuliko mimi. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Aliniomba kitu kimoja tu: siku ya jubilei, jina la baba yake lisomwe. Babu ndiye aliyefyatua na kuchoma matofali ya kuta zile, viangazi vitatu mfululizo, mpaka mikono ikapasuka.

Nikaandika. Ukurasa mzima wa babu.

Wazee walisoma rasimu ofisini kwa mchungaji, wamejikunyata ndani ya makoti, maana Juni ya Iringa haina huruma. Mwenyekiti wao akavua miwani. "Mwalimu, huyu mzee alitengwa. Alioa mke wa pili, akafa hajarudi kundini. Tukimsoma madhabahuni, vijana tutawaambia nini?"

Nilijua. Babu alizikwa bila kengele, na kengele yenyewe inaning'inia juu ya matofali yake. Nilitaka kubisha. Lakini ndoa ya binti yangu ilikuwa ianze kutangazwa kanisani Jumapili iliyofuata, na wenye kuikubali au kuikataa ni hao hao. Nikachukua kalamu, nikamfuta babu kwa mkono wangu. Wao hawakugusa hata herufi moja. Nilikuwa mwoga, basi.

Siku ya jubilei mama alikaa benchi la mbele na kitenge kipya, ameshika mkono wa binti yangu. Nikasoma: "Matofali yalichomwa na waumini." Nikamwona ameinamisha kichwa, anatega sikio. Nikakimbiza maneno: kwaya ya kwanza, mabati mapya, wachungaji waliopita. Watu wakapiga makofi. Naye akapiga, taratibu.

Njiani nilijiandaa kwa lawama, na ningezipokea zote. Tulipofika nyumbani akakaa kitandani, bado na viatu.

"Mwanangu, nimefanya vibaya. Nadhani nilisinzia pale ulipomsoma baba. Nimengoja miaka yote hii, halafu nikalala."

"Umechoka tu, mama," nikasema.

Akafumba mikono, akamwomba Mungu amsamehe kwa kulala kanisani. Nilisimama pale mlangoni, karatasi bado mkononi, nikaitikia amina.