Jumamosi Tusiyowaachia Ng'ombe

Mwanangu Nsimire, tangu uliponiambia jana jikoni kwamba hutakwenda kucheza gofu kule Miti Jumamosi hii, siku moja ya ujana wangu imenirudia na kuketi nami kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Nimeiacha ikae. Leo nimeona afadhali nikuandikie, kwa kuwa jana mama yako alikuwa pale akitucheka, na yapo maneno ambayo hayasikiki vizuri katikati ya kicheko. Mdogo wangu yule, Mungu ambariki, hajaelewa hadi leo kwa nini watu wazima wenye akili zao wafuatane na kimpira kidogo kwenye malisho ya ng'ombe.

Ulisema hivi, huku ukimenya viazi na macho umeyainamisha: "Nitaenda siku kaka atanitumia zile fimbo za kweli kutoka Ubelgiji. Mi siende kujionesha mbele ya bantu na ile kafimbo."

Sauti niliyoisikia haikuwa yako, mwanangu, ilikuwa yangu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo wakati huo, nikiishi kule kilimani Kadutu kwa shangazi yetu Odile, ambaye wewe unamjua kama bibi mwenye miwani mizito na chai yenye tangawizi nyingi. Wakati huo alikuwa mkunga, mwenye mikono ya nguvu, na Jumamosi asubuhi, akiwa hana zamu, alipanda teksi hadi Miti kucheza gofu. Uwanja wenyewe unaujua. Haukuwa na majani ya kupendeza kuliko ya leo. Ulikuwa, na bado ni, malisho ya familia ya Muzee Bisimwa, ambaye aliupenda mchezo huo tangu ujana wake na akaamua kuucheza kwake. Ng'ombe ndio waliokata majani. Mashimo yalikuwa makopo ya maziwa ya unga yaliyofukiwa ardhini, na bendera zilikuwa vipande vya kitenge juu ya mianzi. Walimu, wauguzi na wafanyakazi wa ofisi walifika Jumapili baada ya misa. Jumamosi ilikuwa ya wanawake.

Shangazi ndiye aliyenifundisha. Kwa vile teksi ya Miti haikuwa ya kila siku, nilijifunzia nyuma ya nyumba, na wewe unajua nyuma ya nyumba za Kadutu pako namna gani: mahali pa kuweka mguu mmoja, na mguu wa pili uombe ruhusa. Nilisimama nikitazama kilima, mpira ukiwa juu kidogo ya miguu yangu, na mbele yake tulitundika blanketi kuukuu la kuudaka. Tulilitundika baada ya mpira wangu wa kwanza kuteremka hadi sokoni na kutua katika beseni la nyanya la mama mmoja, ambaye aliturudishia mpira pamoja na maneno ambayo sitayaandika hapa.

Fimbo yangu ilikuwa fupi. Shangazi alikuwa ameipeleka kwa mchomeleaji wa mtaani, akaikata kipande ili ilingane na kimo changu, kisha tukauzungushia mpini mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Nikikaza mikono juu yake, ilitulia kama kijiko nilichokizoea. Nilikuwa napiga vizuri, mwanangu. Nalisema hilo bila majivuno, maana ndilo linalofanya yaliyofuata yaeleweke.

Basi, mwaka ule wanawake walianza kupungua. Mmoja alisema anasubiri viatu vyenye meno. Mwingine alisema atarudi akipata glavu, kwa sababu alikuwa ameona picha za wachezaji wa ng'ambo na wote walivaa glavu. Wa tatu alisema mfuko wake ni wa aibu. Hakuna aliyesema kwamba mchezo umemchosha. Walikuwa wakisubiri tu, kila mmoja kwa sababu yake, hadi tukabaki mimi na shangazi.

Muzee Bisimwa alituita Jumapili moja. Alikuwa mtu mpole, lakini malisho ni malisho.

"Bamama," alisema, "majani yangu haina shida na nyinyi. Shida ni kwamba hamukuyi. Jumapili iyi inayokuya kuko mchezo ya babili-babili, mpira moja kwa bantu babili, kila mutu anapiga kwa zamu yake. Mukuye. Mukimaliza mashimo yote, Jumamosi inabakia yenu. Mukiacha njiani, naipatia ngombe."

Shangazi alicheka, akamshukuru, akasema tutakuja, yeye na mimi kwa mpira mmoja. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikiwaza jinsi wanaume wote watakavyotutazama, na nilipowaza kutazamwa, niliiona fimbo yangu fupi kwa macho ya watu wengine kwa mara ya kwanza. Mpira wa baiskeli kwenye mpini! Kesho yake nilikwenda mtaa wa Nyalukemba kwa mjomba wetu, Tonton Déo, aliyekuwa amerudi kutoka Ulaya na mfuko mzima wa fimbo zinazong'aa, kila moja na kofia yake kama mtoto wa siku ya komunyo. Alikuwa mtu wa moyo mkubwa na miguu mirefu sana. Alinipa mfuko wote. Hakuuliza kimo changu, nami sikufikiri kukitaja.

Siku ilipofika nilishuka kwenye teksi pale Miti nikiwa na mfuko ule begani, na kwa muda wa dakika chache nilikuwa mtu niliyetaka kuwa. Watu walinisogelea. Waliomba kuzigusa. Shangazi alikuwa na fimbo zake za zamani na mfuko wa soko ulio na termosi na mwavuli, na hakusema neno juu ya mzigo wangu, isipokuwa kwamba niuinue vizuri, nisiumize mgongo.

Kisha tulianza kucheza.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Zilikuwa fimbo nzuri, na hazikunijua. Mpini ulinigusa tumboni kabla sijafika kwenye mpira. Mara chuma kilichimba udongo nyuma ya mpira, mara kilipita juu yake na kuuacha mpira pale pale, umetulia kama yai. Shangazi alipopiga, mpira ulikwenda mbele kidogo, bila fujo, mahali alipoutaka. Nilipopiga mimi, ulikwenda vichakani, au haukwenda. Kila tulipochelewa, wengine walitungoja, na kungojwa na watu wenye adabu ni adhabu kubwa kuliko kutukanwa.

Hata hivyo kulikuwa na mmoja asiyekuwa na adabu nyingi, mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa mzaha. Alitazama bonge la udongo nililolirusha, akaita kutoka ng'ambo: "Mademoiselle, unalima ao unacheza?"

Walicheka wote. Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Tulipofika katikati ya mchezo, mahali unapogeuka kuanza kurudi, niliuweka mfuko chini na kuketi juu ya majani.

"Tantine, mi naacha. Bantu banatucheka."

"Banatucheka?" Aliketi karibu nami, akafungua termosi. "Basi tucheke nabo. Ile mpira yako ya mwisho hata mi ilinichekesha."

Sikutaka kucheka. Nilimwambia fimbo zimeharibika, kwamba huenda zilipindika katika safari ya ndege.

Hapo alibadilisha sauti. Alinitazama jinsi alivyowatazama wazazi wapya waliomwambia kwamba mtoto amekataa kunyonya, kwa upole, lakini bila kuyumba. "Neema, fimbo haina kosa. Tonton yako iko murefu, na iyi bintu inakuomba ukuwe murefu kama yeye. Utakuwa murefu wapi leo, sasa saa sita hii?" Kisha akaonyesha miguu yangu. "Na tena, angalia chini. Hapa ni bapa. Weye unasimama kama uko nyuma ya nyumba. Mwili yako ingali inapanda mulima ya Kadutu."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Uzito wangu wote ulikuwa kwenye visigino, mgongo umenyooka, kana kwamba ardhi iliyo mbele yangu ingeinuka kunipokea. Sisi watu wa mji huu tumefundishwa kusimama na vilima, na hatujui kwamba tumefundishwa mpaka siku tutakapopewa uwanja wa bapa.

"Nifanye nini?" niliuliza. "Siwezi kujifunza kusimama leo."

"Nani alikuambia ujifunze leo?" Aliinuka, akapangusa kitenge chake, akanyoosha kidole upande wa kulia. Kutoka pale hadi nyumba ya Muzee, malisho yanapakana na ubavu wa kilima. Wachezaji wote waliukimbia ubavu ule, kwa kuwa mpira haukai vizuri na mguu hautulii. "Kule ni kwetu," alisema. "Twende tupitie kwetu."

Akaingiza mkono katika mfuko wa soko, chini ya mwavuli, akatoa fimbo yangu fupi. Alikuwa ameibeba toka asubuhi.

Alipiga yeye kwanza, makusudi kabisa, hadi kwenye mteremko. Nikapanda, nikasimama nikitazama kilima, mpira juu kidogo ya miguu yangu, na mwili wangu wote ukatambua mahali ulipo. Mikono ilikaza juu ya ule mpira wa baiskeli. Sikuwaza lolote. Niliusikia tu ule mlio mdogo, mkavu, ambao nawe unaujua, ambao hauumizi mkono hata kidogo, na nilipoinua macho mpira ulikuwa bado hewani.

"Eeeh!" shangazi alipiga kelele. "Ile iko yetu!"

Tulirudi hivyo, tukifuata ubavu wa kilima kama mbuzi wawili. Njia yetu ilikuwa ndefu kuliko ya wengine, na tuliteleza, na mara moja shangazi aliketi pasipo kupanga, akacheka hadi miwani ikaanguka, nami nikacheka naye. Sikumbuki ni saa ngapi niliacha kuwaza kwamba natazamwa. Nadhani hilo ndilo jambo lenyewe: huwezi kulikumbuka, kwa sababu lilipotokea ulikuwa unacheza.

Mvua ilianza kujikusanya upande wa Kavumu. Tulipolikaribia shimo la mwisho, mbele ya nyumba, wengine wote walikuwa wamemaliza na kuketi barazani, na upande wa juu wa malisho ng'ombe walikuwa tayari wameanza kuteremka. Shangazi alipiga, mpira ukasimama karibu na kopo, umbali wa mkono na kidogo. Zamu ilikuwa yangu. Sasa nilijua vizuri kitu tulichokibeba: Jumamosi yetu, na ya wale wote waliokuwa nyumbani wakisubiri glavu.

"Usiangalie mutu," alisema shangazi polepole. "Angalia kopo."

Niliusukuma. Ulizunguka ukingo wa kopo mzunguko mzima, kana kwamba unaulizia njia, kisha ukaanguka ndani na kugonga bati. Kila mtu barazani aliusikia.

Tulikuwa wa mwisho, mwanangu, tena wa mwisho kwa mbali. Mwalimu wa hesabu alisimama kutupa mkono, na shangazi akamwambia, "Papa, tulilima kweli. Sasa tutakula." Mwalimu akacheka kuliko wote, akatuletea mwenyewe sahani za ugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Naye Muzee Bisimwa hakutoa hotuba. Alisogea ukingoni mwa baraza na kumwita mchungaji wake kwa sauti iliyofika hadi kilimani: "Jumamosi ngombe zipite ngambo ya mutoni!"

Na ng'ombe wamepita huko mpaka leo.

Sasa nisikilize. Sisemi kwamba vifaa si kitu. Fimbo inayolingana na kimo chako ni zawadi, na siku kaka yako atakapokutumia zake, zipokee kwa furaha, kisha tuzipeleke kwa mtu azikate zikutoshe. Usione haya kukata kitu cha gharama ili kikufae. Ila usiviache vifaa vikushikie mlango. Wale wenzetu waliosubiri viatu na glavu, baadhi yao walivipata, na hawakurudi, kwa sababu katika kusubiri walikuwa wamesahau ladha ya mchezo. Kuhusu hali ya kujiamini, mimi sikuikuta ndani ya mfuko unaong'aa, wala sikuipata kwa kujiambia maneno matamu. Niliipata mahali ambapo mwili wangu ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake kimya kimya, nyuma ya nyumba, mbele ya blanketi. Kila mtu ana kilima chake cha namna hiyo. Ukibabaika, rudi kwanza pale unapopajua, upige kutoka hapo, na uwanja wa bapa utaujifunza baadaye. Nami niliujifunza, ingawa ilichukua muda.

Halafu ucheke. Mji wetu umetupa sababu nyingi za kujifungia ndani, na sitaki kuziorodhesha. Asubuhi moja juu ya majani, bila kumdhuru mtu, ukifuata kitu kidogo cheupe pamoja na watu wanaokupenda, si jambo la kuahirishwa mpaka mzigo ufike kutoka ng'ambo.

Jumamosi nitapita kwenu na teksi asubuhi, mvua isiponizuia. Tantine Odile naye atakuja. Haoni tena mpira ukiruka, lakini anasema atakaa karibu na shimo la mwisho, asikilize bati. Usimnyime sauti hiyo.

Mungu akupe ardhi imara chini ya miguu yako, mwanangu, na panapokuwa na mteremko, akupe miguu iliyouzoea. Aipe mikono yako utulivu na kinywa chako kicheko. Na siku utakapokuwa na umri wangu, awepo binti wa kumpelekea fimbo yake fupi, uliyoibeba toka asubuhi bila kumwambia.