Nilivyotoa siri ya jeshi kwa mama yangu, Tabora, wakati wa vita ya Kagera

Wakuu, salaam.

Naona vijana humu mnasambaza picha za kambini kama za harusi. Ngoja mzee wenu niwape yangu, na sitaongeza chumvi.

Nilikuwa koplo, karani wa mawasiliano katika kambi moja pale Tabora. Simu za upepo zote zilipita mkononi mwangu.

Siku moja ikaja amri ya siri: kombania moja ipande treni Alhamisi asubuhi kwenda vitani. Ilikuwa kombania ya Masanja, mdogo wangu wa tumbo moja.

Kwetu mtu hafungi safari ya hatari bila mama yake kumpaka unga wa mtama kwenye paji la uso. Nikanyonga baiskeli hadi nyumbani, Kwihara.

"Mama, Alhamisi asubuhi, stesheni. Usimwambie mtu."

Akaniitikia vizuri tu. Mimi boya nikasahau kwamba unga ule haupakwi bila shangazi kuwepo. Na sisi shangazi tunao tisa!

Alhamisi wakatokea wote, kanga mpya, kibuyu cha unga, vigelegele toka njiani. Watu wa sokoni wakawafuata. Treni haijafika, nusu ya mji ipo stesheni inaaga jeshi.

Mimi nilikuwepo kikazi, nikajibanza nyuma ya nguzo. Masanja alishapakwa unga, anacheka.

Meja akamwendea mama kwa adabu. "Shikamoo mama. Nani kakwambia tunasafiri leo?"

"Marahaba baba. Huyu mwanangu mkubwa." Akaninyooshea kidole, kajaa fahari. "Kwani wenzake hawakuwaambia mama zao?"

Safari ikafutwa palepale. Tuliporudi kambini, mimi nikavuliwa mkanda na kuwekwa mahabusu.

Mahakama ya kijeshi haikunichelewesha. Afisa mmoja aliniuliza swali moja: "Adui angesikia na kulipua reli, nani angekuwa kwenye behewa?"

Jibu nilikuwa nalijua, na nililia mbele yao bila aibu.

Miezi kumi na minane jela, na kufukuzwa jeshini. Sikuonewa.

Kombania iliondoka siku nyingine, hakuna raia aliyejua. Masanja hakurudi.

Habari aliniletea mama mwenyewe gerezani. Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Lakini nilimpaka, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniwezesha."

Alinishukuru hivyo hadi anaingia kaburini, na sikuwahi kumwambia nilichofungiwa. Aliamini niligombana na mkubwa wangu.

Nilichojifunza: siri ya jeshi si mali yako, hata ukimpa mama aliyekuzaa. Naye ana watu wake wa kuwaambia.

Kosa nalijutia mpaka leo. Ile asubuhi, hapana.

Wastaafu wenzangu mliomo humu, mngekuwa mimi mngekaa kimya? Semeni ukweli, sitakasirika.