Mama Devota na Hatua za Katibu

Mama Devota alikuwa mjane wa Kimakonde kutoka Newala. Biashara ziliporuhusiwa, alifungua banda la wali na samaki kijijini kwetu Namatungu, kando ya barabara ya Lindi, akasomesha watoto watatu kwa banda hilo. Mimi Sada nilikaanga vitumbua jirani yake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mwaka tisini na tatu katibu kata wetu, Bwana Kornelio, akatunga sheria: banda likae hatua thelathini kutoka barabarani. Hatua za nani? Zake! Na lile jitu lina miguu kama nguzo za simu. Akapima mwenyewe, akamkamata Devota mwenyewe, na Ijumaa akakalia kiti cha baraza la kata kumhukumu. Banda livunjwe baada ya wiki mbili.

"Bwana Katibu," Devota akauliza, "sheria wewe, mgambo wewe, hakimu pia wewe?"

"Ulitaka nani, mama? Mjomba wako?"

Watu wakacheka.

Devota akaenda mahakamani Masoko. Karani akamwambia alete kwanza barua ya katibu kata. Jamani! Akaombe barua kwa mtu anayemshitaki! Kornelio akamzungusha siku sita, mara muhuri umefungiwa, mara wino umekauka. Akagonga muhuri baada ya kula sahani mbili za wali, bure.

Hakimu, Mungu ambariki, alimsikiliza. Akasema mtunga sheria hawezi kuamua kesi yake mwenyewe, banda libaki. Devota alirudi siku ya kumi na tatu, bahasha mkononi, analia kwa furaha. Nikasoma juu yake: "Kwa Katibu Kata, kwa utekelezaji."

Akaipeleka, angefanyaje? Kornelio akaisoma, akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. "Nimeipokea, mama. Nitaishughulikia wiki ijayo."

Kesho yake asubuhi mgambo wakafika na mashoka.

"Mahakama imekataza!" Devota akapiga kelele.

"Karatasi iko wapi?"

"Kwa katibu!"

"Basi katibu ndiye aliyetutuma."

Nguzo zikaanguka. Saa nne basi la Dar likasimama, abiria wakateremka na njaa zao. "Mama, wali upo?"

Devota akajitwisha sufuria yake. "Kamuulizeni katibu," akasema. "Kazi zote zake. Na apike."