Nati za Kufunguliwa kwa Vidole

Siku ile naikumbuka vyema, mwanangu, kwa sababu ya harufu yake. Ilikuwa miaka ya baada ya mkataba wa amani, kabla hatujapiga kura ya uhuru. Juba nzima iliendeshwa na jenereta, na nyingi zilikuwa mashine kuukuu za jeshi zilizouzwa kwa mnada. Vifuniko vyake vilishikwa na bolti za inchi, ilhali spana za sokoni zilikuwa za milimita. Pale mtaani kwetu Sherikat, spana za inchi nilikuwa nazo mimi peke yangu. Nilizifunga kiunoni nikatembea kama chifu. Mwenye kisu kikali, nilijiambia, ndiye alaye nyama.

Mama Akello, Mganda aliyeuza samaki karibu na daraja, alikuwa na mashine ya namna hiyo kwa ajili ya friza yake. Kusafisha chujio la hewa ni kazi ya kitambaa tu, lakini kulifikia kulihitaji spana yangu. Aliniomba nimwachie moja. Nilicheka. Kisha vumbi likaziba chujio, mashine ikazimika, nami niko Nesitu, nje ya mji, natengeneza lori. Akanipigia simu. "Ningoje," nikamwambia, na wala sikuharakisha.

Niliporudi nilimkuta mlangoni pa karakana ya mafundi nilikofanyia kazi, amesimama kando ya karai la samaki waliooza.

"Fundi, hii samaki yote ni ya wewe. Kula!" akasema. "Mimi iko na mikono. Kwa nini wewe nafunga mashine yangu kama jela?"

Nilichukua zana, nikamfuata hadi kwenye mashine yake. Siku hiyo hiyo niling'oa bolti zake. Nikachomelea nyingine kwenye bodi zisipotee, na juu yake nikaweka nati zenye masikio mawili, za kukazwa kwa vidole, pamoja na washa za springi, vile vipete vya chuma, ili mtikisiko usizilegeze. Akafungua, akafunga, akafungua tena, bila kunitazama. Lakini mtaji ulikuwa umeshaoza. Aliuza mashine, akarudi kwao Gulu.

Nikaanza kubadilisha za wengine. Mafundi wenzangu wakanijia juu.

"Ya zol, bwana wee, kila mtu akijifungulia, sisi tutakula nini? Vumbi?"

"Riziki haivutwi kwa kamba," nikawajibu, "na haifungwi kwa bolti."

Wakanifukuza kwenye karakana ile, kibanda chao cha mabati. Nikafanya kazi juani, mashine baada ya mashine, hadi mtaa wa Nyakuron. Walionichukia walinichukia wakiwa kivulini.

Mwanangu, ujuzi wako usiufanye kufuli. Anayetafutwa kwa sababu ameficha ufunguo hapendwi, anavumiliwa tu. Watakuambia kazi ndivyo ilivyo. Wakatalie, tena mchana, watu wakisikia. Na usingoje, kama mimi, mpaka mtu apoteze alichonacho.

Mungu akupe mikono migumu, na shingo ngumu zaidi mbele ya wanaokutaka ufunge.